Kili, Mlima Kenya au Margherita: hesabu usiku kabla hujahesabu mita

Juzi nimeulizwa tena, tuko harusini, mtu kashika sahani ya pilau ananiambia dada mi mwaka huu nataka kupanda mlima, sasa Kili au ule wa Uganda wenye barafu, upi mrefu? Nikamwambia urefu weka pembeni kwanza, una likizo ya siku ngapi? Akacheka, akadhani namkwepa. Simkwepi. Hilo ndio swali lenyewe.

Mi nimepanda Kili mara mbili (ya kwanza ilinishinda, ntasimulia), Lenana ya Mlima Kenya mara moja na Margherita, ndio huo wa Uganda wenye barafu, mara moja, zote na gaidi. Na ndio, kule mlimani gaidi ni yule anaekuongoza, ukimwita hivyo hakasiriki wala polisi hawaji, kwahiyo ntalitumia hivyohivyo. Batian, kilele kikuu cha Mlima Kenya, sijapanda, nimeikalia chini nikaiangalia ikanitosha, ila rafiki yangu kapanda Nelion na ntawaambia alichonisimulia.

Tumalize mita maana najua hamtaniacha. Uhuru, kilele cha Kili, ni 5,895. Batian 5,199 na pacha wake Nelion 5,188, halafu Lenana ndio hiyo ya kutembea tu, 4,985. Margherita 5,109. Ukiishia hapo utasema Kili ndio kazi na Margherita ni nyepesi. Sasa hesabu usiku wa kilele peke yake: Kili unatoka kambi inayoitwa Barafu 4,670 unapanda mita zaidi ya 1,200 kwa mkupuo, Lenana ukitokea kambi ya Shipton's ni kama mita 800, Margherita ukitokea kibanda cha Elena 4,541 hazifiki hata 600. Na bado hizo 600 ndio zilinitoa jasho kuliko zote, maana chini ya mguu sio njia, ni barafu.

Kili ya siku tano na Kili ya siku nane ni milima miwili

Kosa langu la kwanza nilichagua mlima nikasahau kuchagua njia. Nilienda Marangu siku tano sababu bei ilikuwa chini na kuna vibanda vya kulala, watu wanaiita njia ya Coca-Cola na jina lenyewe linakudanganya. Angalia unavyolala: usiku wa kwanza Mandara 2,720, wa pili Horombo 3,720, wa tatu Kibo 4,720, yani kila siku unaruka mita elfu moja kama umepanda lifti, halafu usiku huohuo wa Kibo hata usingizi haujakolea unaamshwa saa tano uanze kwenda Uhuru. Madaktari wa mambo ya milima wanasema ukishapita 3,000, mahali unapolala pasipande zaidi ya kama mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu nne upumzike. Marangu ya siku tano inaivunja hiyo sheria mara mbili mfululizo. Ofisi iliyoniuzia safari ilijua natoka Dar, usawa wa bahari kabisa, na haikuniambia kitu, ila na mimi sikuuliza, nilikuwa nimeshaangalia bei.

Nilifika Gilman's, 5,685, ndio pale ukingoni mwa kreta, kwa mwendo wangu bado kama saa mbili mpaka Uhuru. Maji ya chupa yalishaganda njiani. Ninachokumbuka ni gaidi, baba mmoja wa Kichaga mpole ambae usiku kucha hakuniambia zaidi ya "pole pole dada", kanishika mkono anamulika vidole na tochi yake ya kichwani. "Dada, glavu ya kulia unaivaa kushoto, nimekurekebisha mara tatu. Tunashuka." Nikamwambia mbona niko poa baba. Akaniuliza leo tarehe ngapi. Nikaanza kufikiria, nikafikiria, akasema basi twende. Nililia kwa hasira changarawe yote ile, na tulipofika Horombo kichwa kikaachia ghafla kama mtu kazima redio, nikala sahani mbili.

Mara ya pili nikaenda Lemosho siku nane. Mlima uleule, mapafu yaleyale. Usiku wa kwanza msituni Mti Mkubwa, wa pili Shira ya kwanza 3,500, wa tatu Shira ya pili kama 3,850, siku ya nne wanakupandisha mpaka Lava Tower 4,600 unakula chakula cha mchana pale kichwa kinagonga, halafu wanakushusha kulala Barranco 3,960, kesho yake unaukwea ule ukuta wa Barranco kwa mikono na miguu unalala Karanga kama 4,000, ndio Barafu. Umeona usiku wa tatu, wa nne na wa tano? Zote ziko palepale karibu na elfu nne, huku mchana unapanda na kushuka. Mwili unapewa nafasi ya kuzoea bila kujua unafundishwa. Uhuru nilifika saa moja kasoro asubuhi, nimechoka ila nakumbuka kila kitu, hata jina la mtu alieniazima lip balm.

Machame nayo inaungana na njia hiyohiyo kuanzia Shira, ila inauzwa ya siku sita na ya siku saba, chukua saba. Rongai inatokea kaskazini karibu na mpaka wa Kenya, huko kukavu kidogo, ni nzuri kama umelazimika kwenda kipindi ambacho mvua hazieleweki. Na kama unaipenda Marangu kwa sababu ya vitanda, sawa, ila lipa siku ya sita ulale Horombo mara mbili. Jambo moja hawalisemi sana, kushuka. Siku ya kilele unatoka 5,895 mpaka kambi ya Mweka 3,100, karibu mita 2,800 kwa siku moja, magoti yanaongea lugha zote. Kata kucha za miguu kabla ya safari, na buti liwe kubwa kidogo, la sivyo kucha za vidole gumba utaziacha hifadhini.

Lenana, na yule mkali pembeni yake

Lenana ntaipitia haraka maana ndio rahisi kueleza. Siku nne, unapanda kwa njia ya Sirimon, unalala Old Moses 3,300, kisha Shipton's 4,200, ukiweza kaa hapo usiku mbili, halafu alfajiri kilele, unashukia Chogoria ambako ndio kuzuri kuliko kote, lile bonde na ziwa Michaelson chini kabisa kama kioo kimedondoka. Watu wa Nairobi wanaikimbiza siku tatu, na wana faida kuliko sisi wa pwani, wao wanaishi 1,700 tayari. Bado wengi wanatapika Shipton's. Elfu nne mia mbili ni 4,200 hata kama uko kwenu.

Batian na Nelion ni habari nyingine kabisa, hiyo ni kamba, helmeti na mwamba, unapanda zaidi ya urefu wa kamba 15, mmoja juu ya mwingine. Mackinder, yule Mwingereza, alipofika Batian 1899 hakwenda peke yake, alikuja na watu wawili wa kutoka milima ya Alps, Ollier na Brocherel, na ndio waliomtangulia njiani. Baada yao kilele kile hakikuguswa tena mpaka 1929, miaka thelathini. Majina yenyewe, kama hukujua, ni ya malaibon, viongozi wa kiroho wa Kimaasai, Mbatian, Nelieng na Lenana. Rafiki yangu anasema gaidi wa Nelion hakukubali kumpandisha mpaka kwanza waende Lukenya, kule kwenye miamba karibu na Nairobi, wikiendi mbili amwone anavyofunga fundo na anavyoshuka kwa kamba. Alipokosea fundo mara moja tu siku ile wakarudi kuanza upya. Msimu nao unageuka, upande wa kusini wa kwenda Nelion ni mzuri kama Januari na Februari, upande wa kaskazini wa Batian ni Julai mpaka Septemba, ukienda kinyume unakuta mwamba umevaa barafu.

Margherita, tope kwanza halafu barafu

Sasa huku ndio niongee. Rwenzori iko Uganda magharibi mpakani na Congo, unashukia Kasese, kilele chenyewe kiko juu ya mpaka. Njia ni mbili kubwa, ile ya mzunguko inayoanzia Nyakalengija na ile ya Kilembe, zote hesabu wiki nzima, siku saba au nane. Mtu wa kwanza kufika Margherita anaejulikana kwenye vitabu ni Duke wa Abruzzi wa Italia, 1906, na waliobeba mzigo wakati ule ni babu zao hawahawa Bakonzo wanaokuongoza leo.

Kili unavaa buti siku zote. Rwenzori siku nyingi unavaa gambuti, zile za bustanini, nilicheka nilipopewa, nikaacha kucheka siku ya tatu. Ukishapita kibanda cha John Matte kuna mabwawa ya tope, kuna mahali wameweka mbao na kuna mahali mbao zimeishia, na humo katikati yamesimama mafungu ya nyasi kama vichwa vya watu wamezikwa wima. Gaidi wangu, kaka mmoja wa Kikonzo anaeongea Kiswahili chenye ladha ya ng'ambo ya mpaka, akaniambia "mama, kanyaga kichwa, usikanyage shingo." Nikakanyaga shingo. Utajua tope limezidi kina pale linapoingia gambuti kwa juu, taratibu, la baridi, na huwezi kuvua hapo maana utasimama wapi. Mvua kule ni ya mwaka mzima, wanasema Desemba mpaka Februari na Juni mpaka Agosti kuna nafuu, na mi nilienda Julai nikanyeshewa siku tano kati ya saba, hiyo ndio nafuu yenyewe.

Halafu unafika Elena, kibanda kimekaa juu ya mawe 4,541, unavua gambuti unavaa buti na unafungiwa yale meno ya chuma chini. Jioni ile gaidi alitupeleka kwenye mteremko mdogo akatufundisha kutembea upya kama watoto, miguu ipanuke kidogo usije ukachana suruali ya mguu mwingine, ukanyage meno yote kwa pamoja, shoka la barafu upande wa mlimani siku zote. Saa nane usiku tukafungwa kamba moja watu watatu, yeye mbele. Hapo ndio nikaelewa tofauti ya gaidi na gaidi. Kili gaidi anakuangalia wewe: macho yako, unavyojibu, unavyovaa glavu. Margherita anakuangalia wewe na anaangalia chini, anachoma barafu na kijiti, anasikiliza, anapitia pembeni ya ufa ambao mi nilidhani ni kivuli. Mwaka hadi mwaka barafu ile inasinyaa na njia inahama, kwahiyo gaidi aliepanda mwezi uliopita ana thamani kuliko aliepanda mara mia miaka kumi iliyopita. Muulize hilo kabla ya kulipa, "mara ya mwisho umefika juu lini?"

Na jambo lingine, ukiumia Kili kuna machela za magurudumu, na helikopta hali ya hewa ikiruhusu. Rwenzori unabebwa na watu, kwenye tope hilohilo. Fikiria hilo kabla hujaruka jiwe kwa mbwembwe.

Gaidi na timu, maswali ya kuuliza

Kili bila gaidi mwenye leseni getini hupiti, hilo halina mjadala. Ila leseni wanayo wote, wewe uliza mengine. Ana kile kimashine cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni, na anapima asubuhi na jioni au ni mapambo? Kuna mtungi wa oksijeni? Wateja wangapi kwa gaidi mmoja usiku wa kilele? Nani ana neno la mwisho la kugeuza, yeye au ofisi? Mi gaidi akinijibu "usijali dada lazima ufike" namkimbia. Anaesema "tutaona Barranco" huyo ndio wangu.

Uliza na wagumu pia, ndivyo wapagazi wanavyojiita wenyewe. Kili mzigo wa mgumu mmoja mwisho ni kilo 20 na unapimwa getini, begi lako hapo lisizidi kama kilo 15. Ukiona mgumu hana buti, ana viatu vya raba vimepasuka, ujue ile bei nzuri uliyopewa yeye ndio kailipa. Na mpishi, yule wanaemtania stomaki injinia, mheshimu sana, maana elfu nne juu hamu ya kula inakufa na supu yake ndio inakupeleka.

Maandalizi, hapa ndio watu wanatapeliwa na gym

Miezi mitatu inatosha kama wewe sio mtu wa kukaa tu. Ngazi. Nilikuwa napanda ghorofa kumi na mbili ofisini na begi la kilo nane, mara tatu kwa wiki, na nashuka kwa miguu, sishuki na lifti, maana goti linafundishwa kushuka sio kupanda. Wikiendi tembea siku mbili mfululizo, sababu siku ya pili ndio inakuonyesha ukweli: Morogoro kuna Uluguru, Nairobi wana Longonot na Ngong na wakitaka kukohoa waende Satima kule Aberdare, 4,001. Kwa Margherita ongeza tumbo na mikono kidogo, utavuta kamba. Kwa Nelion nenda kwenye mwamba wa kweli, ngazi hazitakusaidia.

Ila mazoezi hayazuii ugonjwa wa mwinuko, hili watu hawaliamini. Nimeona kijana wa marathoni amelala pembeni ya njia na bibi wa miaka sitini anampita na fimbo zake mbili. Dawa pekee ni usiku mwingi, au mlima mwingine kabla. Kama una hela na siku, panda Meru kwanza, 4,566, siku tatu au nne, unaenda na askari mwenye bunduki sababu ya nyati, unalala Miriakamba na Saddle, ukishuka upumzike siku moja Moshi halafu Kili, utashangaa ulivyo mwepesi. Diamox, dawa ya ugonjwa wa mwinuko, ipo na inasaidia, inakufanya ukojoe sana na vidole vinachoma kama sindano na soda inakuwa haina ladha, ila ongea na daktari kwanza hasa kama una aleji ya dawa za salfa, na ijaribu nyumbani siku mbili, usiianzie Horombo. Na haikupi ruhusa ya kuendelea kupanda huku unayumba.

Vifaa usinunue vyote. Moshi kila kitu kinakodishwa, na mitumba ya Memorial ukiwahi asubuhi unapata jaketi la manyoya ya bata ambalo dukani usingelisogelea. Nairobi kuna Gikomba na Toi. Margherita meno ya chuma, shoka na mkanda wa kamba unakodi kulekule Kasese, ila hakikisha meno yanashika buti lako kabla hujaanza safari, sio Elena saa saba usiku. Kitu pekee cha kununua mwenyewe na kukivaa miezi miwili ni buti.

Hela sasa. Kili ndio ghali kwa mgeni wa nje, kwa miaka mingi ada ya hifadhi peke yake imekuwa dola 70 kwa siku kabla ya kambi na kodi, ndio maana ofisi zinapenda kukata siku. Sisi wa Afrika Mashariki tunalipa sehemu ndogo ya hiyo, kwahiyo mtanzania anaenunua siku tano kuokoa ada haokoi chochote cha maana, labda mishahara ya timu tu. Lenana ndio nafuu kuliko zote. Margherita ada sio kubwa kivile ila siku ni nyingi na timu ni kubwa, na ongeza nauli ya Entebbe na basi la kwenda Kasese linalokula siku yako nzima.

Sasa upi

Una siku tano jumla na kusafiri humohumo, nenda Lenana, achana na Kili kabisa. Una siku kumi na hujawahi kupita 3,000, Kili kwa Lemosho siku nane, na kama zipo kumi na tano anza na Meru. Umeshapanda Kili ukashuka unasema mbona ni kutembea tu, wewe ndio wa Margherita, na usiende kabla, sababu siku ya kwanza kuvaa meno ya chuma isiwe siku hiyohiyo unagundua mwili wako unafanyaje elfu nne na nusu. Ukiwa huvumilii kulowa, mwambie mtu ukweli, Rwenzori sio yako hata kama una misuli. Batian usiulize kwangu, mwamba ukiupenda utajijua.

Yule wa pilau ana likizo ya siku kumi na moja mwezi wa tisa, anaishi Mbezi, hajawahi kupanda kitu. Nimempa Lemosho. Jana kanitumia picha ya buti, jipya linang'aa, kanunua saizi yake kamili. Nimemwambia arudi nalo leo leo abadilishe, achukue namba moja juu.